Taa za volti 12 nyumbani: tuhesabu usiku wetu kabla ya kununua



Ndugu wasomaji, katika vijiji vyetu vingi, visiwani, na hata pembezoni mwa miji ambako nguzo za umeme hazijafika, paneli ya sola juu ya bati imekuwa kitu cha kawaida. Familia hujinyima kwa miezi, au huchukua mkopo wa kikundi, ili watoto waage moshi wa kibatari. Hili ni jambo jema, nasi tunawapongeza wazazi wote wanaolijitahidia.

Hata hivyo, yapo malalamiko tunayoyasikia kila mara. Mwezi wa kwanza nyumba yote inang'aa. Ikifika mwezi wa sita, taa zinaanza kufifia saa nne usiku. Mwaka wa pili betri imekufa, na kibatari kimerudi mezani. Hapo hulaumiwa fundi, hulaumiwa mwenye duka, hulaumiwa mawingu. Inawezekana kila mmoja ana sehemu yake, lakini mara nyingi chanzo kimetangulia hayo yote: taa zilichaguliwa kwa macho dukani, na hakuna aliyekaa chini kuuhesabu usiku wa nyumba yake.

Na umeme wa betri ukiisha kabla ya wakati, si wote nyumbani wanaoumia sawasawa. Waliokuwa barazani wakati wa Isha wameshapata nuru yao. Wanaobaki gizani ni mama anayeamka kupika daku, binti anayetaka kudurusu juzuu yake kabla ya Alfajiri, na mzee anayepapasa ukuta akitafuta njia ya choo. Kwa hiyo hesabu ya taa ni hesabu ya fedha, na zaidi ya hapo ni hesabu ya uadilifu miongoni mwa watu wa nyumba moja. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza juma hili.

Kwa nini volti 12

Betri nyingi za sola za majumbani ni za volti 12, kipimo kile kile cha betri za magari madogo. Ndicho kipimo kinachotumika pia katika boti, na katika zile trela za kusafiria ambamo familia za Ulaya na Marekani hulala wakiwa matembezini. Kwa sababu hiyo balbu za volti 12 zinatengenezwa kwa wingi duniani, na madukani kwetu zinapatikana.

Mwenye betri ana njia mbili za kuwasha taa. Ya kwanza ni kufunga balbu za volti 12 moja kwa moja, kupitia kidhibiti chaji ambacho mafundi hukiita kontrola. Ya pili ni kununua inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 kama ule wa gridi, kisha kutumia balbu za kawaida. Njia ya pili huwavutia wengi kwa kuwa inaonekana ya kisasa. Lakini inveta hula sehemu ya umeme katika kuugeuza, na hata pale ambapo hakuna taa iliyowashwa, inveta iliyo wazi huendelea kunyonya wati kadhaa usiku kucha. Kwa nyumba ambayo mahitaji yake makubwa ni taa na simu, inveta inaweza kula karibu sawa na taa zenyewe. Anayehitaji televisheni au mashine ya kushonea ana sababu ya kuwa nayo, na aizime kila amalizapo kazi. Taa zibaki kwenye volti 12.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Balbu ya volti 12 na ile ya volti 230 huweza kufanana kwa umbo na kwa shina la kuingilia kwenye soketi. Ya volti 12 ikiwekwa kwenye umeme wa gridi huungua papo hapo, na inaweza kupasuka. Tusome maandishi yaliyo kwenye balbu kabla ya kulipa, na nyumba yenye mifumo yote miwili iweke balbu zake mahali tofauti, mbali na mikono ya watoto.

Wati si mwanga

Wazee wetu walizoea kuuliza balbu ni ya wati ngapi wakikusudia kujua ukali wa nuru yake. Enzi za balbu za waya mwekundu ndani, mazoea hayo yalitosha. Leo yanapotosha. Wati ni kipimo cha kasi ambayo taa hula umeme. Mwanga wenyewe hupimwa kwa lumeni, na mshumaa mmoja hutoa takriban lumeni 12.

Balbu ya waya hutoa kiasi cha lumeni 10 hadi 15 kwa kila wati, na umeme uliobaki huishia kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa inakuunguza. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa wati moja, na nyingine huzidi hapo. Taa hizi nyeupe zimetokana na LED ya buluu iliyobuniwa Japani, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa mwenye gridi, tofauti hii ni nafuu kwenye bili. Kwa mwenye betri, ni tofauti ya kuwa na taa na kukaa gizani.

Tuchukue mfano. LED ya wati 5 yenye lumeni 450 hutoa nuru inayozidi mishumaa thelathini, nayo inatosha chumba cha wastani. Kupata nuru hiyo kwa balbu ya waya kunahitaji wati 40 hivi. Ikiwashwa saa nne, ile ya LED imekula wati-saa 20, na ile ya waya imekula wati-saa 160. Hivyo anayechomeka balbu ya gari sebuleni kwa kuwa ameipata bure gereji ameshaingia hasara, kwani balbu hiyo moja hula zaidi ya taa zote za nyumba kama tutakavyoona.

Tunapochagua, tuangalie mambo matatu. La kwanza, lumeni zilizoandikwa. Taa isiyotaja lumeni zake hatuna namna ya kuilinganisha na nyingine. La pili, kiwango cha volti inachostahimili. Betri ya volti 12 inapochajiwa na jua la mchana hupanda hadi volti 14.4 hivi, na taa dhaifu iliyoachwa inawaka wakati huo huchakaa upesi. Taa iliyoandikwa volti 10 hadi 30 ina saketi ndani yake inayodhibiti umeme, nayo hudumu. Taa nyingi za mkanda za bei ya chini hazina udhibiti huo. La tatu, rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa herufi K. K 2700 hadi 3000 ni ya manjano tulivu, inayofaa vyumba vya kulala. K 4000 ni nyeupe ya wastani, nzuri kwa kusomea na kupikia. K 6500 ni nyeupe inayoelekea buluu. Huonekana kali dukani, lakini mwanga wa namna hiyo usiku huchelewesha usingizi, hasa kwa watoto.

Tutafute pia nembo ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na kwa seti ndogo za sola tuulize kama zimepimwa chini ya mpango wa VeraSol. Fundi mwenye mita anaweza kutusaidia zaidi: LED ya wati 5 kwenye betri ya volti 12 inapaswa kuvuta takriban ampea 0.4. Ikivuta tofauti sana na hapo, maandishi ya boksi si ya kuaminika.

Hesabu ya usiku mmoja

Sasa tuchukue karatasi na kalamu. Tuandike kila mahali panapohitaji taa, wati za taa hiyo, na saa itakazowaka kweli. Tukizidisha wati kwa saa tunapata wati-saa.

Sebule ambamo watoto husoma: wati 5 kwa saa nne, sawa na 20. Jikoni: wati 5 kwa saa tatu, mbili za jioni na moja ya alfajiri, sawa na 15. Vyumba viwili vya kulala: wati 3 kila kimoja kwa saa moja, sawa na 6. Taa ya mlango wa nje: wati 3 kwa saa nne, sawa na 12. Taa ndogo ya njia ya choo: wati 1 kwa saa kumi na mbili, sawa na 12. Jumla ni wati-saa 65. Simu mbili zikichajiwa tuongeze 25. Usiku mzima wa nyumba hii ni wati-saa 90, na tukigawanya kwa volti 12 tunapata ampea-saa 7.5.

Hapo ndipo betri inapochaguliwa. Betri ya asidi, iliyozoeleka kwetu, haipendi kushushwa chini ya nusu. Inayokaushwa kila usiku hufa mapema. Kwa hiyo ampea-saa 7.5 zinahitaji betri ya angalau 15. Lakini mawingu yapo, na mwenye busara huweka akiba ya usiku wa pili, hivyo inakuwa 30. Tukiongeza upotevu wa njiani, betri ya ampea-saa 40 inatosha. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma huvumilia kushushwa zaidi, kwa hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo, ingawa bei yake ni kubwa na ni sharti kontrola iwe ya kuendana nayo. Betri ya kuwashia gari isitumike kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haikutengenezwa kutoa kidogo kidogo usiku kucha.

Kwa paneli, tukikadiria saa nne za jua kamili kwa siku na kutoa upotevu wa karibu theluthi moja, wati-saa 90 zinahitaji paneli ya wati 30 na kitu. Ya wati 50 itatufaa hata siku zisizo na jua zuri.

Mwezi wa Ramadhani ubadilishiwe hesabu yake. Jikoni huongezeka saa moja na nusu kwa ajili ya daku, na sebule saa moja na nusu kwa kisomo baada ya Tarawehe. Ongezeko hilo ni wati-saa 15 tu, sehemu ya sita ya matumizi ya kawaida. Ni dogo, lakini linakuja saa ngumu: karibu na Alfajiri, betri ikiwa imeshuka kuliko wakati wowote mwingine. Na kwa kuwa Ramadhani huzunguka misimu yote, itafika miaka ambayo itaangukia masika. Aliyenunua mfumo wa kutosha usiku wa kiangazi peke yake atakula daku gizani.

Nani apate taa ipi

Tumeona nyumba nyingi ambamo taa kali kuliko zote imefungwa barazani, ya pili yake sebuleni mbele ya televisheni, na jikoni hakuna kitu. Mama anakata vitunguu kwa tochi ya simu aliyoibana shingoni. Ukiuliza sababu, utaambiwa fundi alifunga pale alipoonyeshwa, na aliyemwonyesha hakuwa mpishi.

Umeme mdogo ni kama chakula kidogo: hudhihirisha tabia ya wenye nyumba. Nuru ya betri ni riziki iliyopimwa, na aliyepewa riziki iliyopimwa atagawa kwa haja, hatagawa kwa fahari. Tunapendekeza, kabla fundi hajapanda ngazi, watu wote wa nyumba waulizwe: nani huamka kwanza, na hufanya nini? Nani hulala mwisho? Nani husoma, na hukaa wapi? Nani haoni vizuri usiku? Majibu ya maswali hayo ndiyo ramani ya taa.

Mara nyingi ramani hiyo itaanza na jikoni, ifuate meza ya kusomea, kisha njia ya choo. Taa ya mezani ya wati 3 iliyoning'inizwa karibu na kitabu humfaa mwanafunzi kuliko ya wati 7 iliyo juu kabisa ya dari, kwa kuwa mwanga hupungua upesi kadiri unavyosafiri. Kila taa iwe na swichi yake. Swichi moja inayowasha vyumba vitatu inatulazimisha kuangaza vyumba viwili visivyo na mtu. Na taa ya baraza iwepo, kwani mgeni ana haki yake, lakini izimwe mgeni akishaaga.

Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaagiza watu kuzima taa wanapokwenda kulala, na ikaelezwa kuwa panya huweza kuuvuta utambi akawaunguzia watu nyumba yao. Kwa wale wanaotumia kibatari mpaka leo, agizo hilo linabaki kama lilivyo: moto usilale macho ilhali wenye nyumba wamelala. Tukumbuke pia hatari ya mafuta ya taa yanayowekwa kwenye chupa ya soda, ambayo mtoto mwenye kiu huyanywa akidhani ni kinywaji. LED haina utambi wala mafuta, lakini adabu ya kuzima isichohitajika haijaondoka, kwani israfu ni israfu hata inapotokana na jua la bure. Jua halilipiwi, betri inalipiwa.

Waya na fyuzi

Wengi husema volti 12 ni umeme mdogo usio na madhara. Ni kweli kwamba kwa kawaida haumrushi mtu, lakini unaweza kuchoma nyumba. Nyaya mbili za betri zikigusana bila kinga, betri humwaga mkondo mkubwa ghafla, waya hugeuka mwekundu, na paa la makuti halihitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo fyuzi si anasa. Ifungwe kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, isiwe mbali kule kwenye taa. Kwa waya wa milimita mraba 1.5, fyuzi ya ampea 10 inafaa.

Unene wa waya nao ni sehemu ya uchaguzi wa taa. Katika volti 12 mkondo huwa mkubwa kwa kazi ile ile, na waya mwembamba huula. Tuseme taa zinavuta ampea 2 kwa umbali wa mita 10 kutoka kwenye betri. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, kama ule wa spika, tunapoteza takriban volti 1.4 njiani, zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme wote. Kwa waya wa 1.5 hatupotezi hata nusu volti. Fedha zinazookolewa kwa kununua waya mwembamba hulipwa kila usiku kutoka kwenye betri. Na taa ya LED ikikataa kuwaka siku ya kufungwa, isitupwe kwanza. Huenda chanya na hasi zimebadilishana.

Betri inapochoka

Betri ya asidi isiwekwe chumba cha kulala, kwani inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kushika moto. Iwe mahali penye hewa, juu ya ubao, mbali na watoto, na ile ya kuongezwa maji iongezwe maji ya betri peke yake. Ikipumzishwa na kupimwa kwa mita, volti 12.7 ni kuwa imejaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni kuidhulumu.

Siku itakapokufa, isivunjwe uani ili kutoa risasi iliyomo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua sumu hiyo: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua makazi yao kwa risasi, watoto wakadhurika, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri mbovu irudishwe kwa muuzaji anayeipokea kwa njia salama. Jirani naye ana haki juu yetu.

Ndugu wasomaji, leo usiku kabla ya kulala, tuchukue karatasi. Tuandike kila taa na saa zake, na mwishoni tuandike jina la kila mtu wa nyumba na mahali anapohitaji nuru. Ikiwa lipo jina lisilo na taa, kazi ya kuchagua haijaisha, hata kama paneli iko tayari juu ya bati.

Allah atujaalie nuru katika nyumba zetu na uadilifu katika kuigawa.

Wabillahi tawfiq.